Nani Anadaiwa? Vijana wa Pasifiki Walivyoifikisha Tabianchi Mahakamani

Mwaka 2019, katika kitivo cha sheria mjini Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, wanafunzi 27 walipewa kazi na mhadhiri wao: watafute njia yenye nguvu kuliko zote, ndani ya sheria za kimataifa, ya kuzibana serikali za dunia ziwajibike kwa mabadiliko ya tabianchi. Kazi za darasani huwa na mwisho unaojulikana. Hukusanywa, husahihishwa, alama huandikwa pembeni kwa wino mwekundu, na makaratasi huishia kabatini. Hawa hawakukubali yao iishie huko. Walichagua njia ambayo hata rais wa nchi nyingine ya Pasifiki alikuwa ameijaribu ikamshinda: kuiomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki iseme serikali zina wajibu gani kisheria juu ya hali ya hewa ya dunia, na serikali iliyoukiuka wajibu huo inadaiwa nini.

Miaka sita baadaye, tarehe 23 Julai 2025, majaji 15 wa mahakama hiyo walijibu. Walijibu kwa kauli moja, jambo ambalo ni nadra katika historia ya chombo hicho cha karibu miaka 80.

Kwa Mkenya, jina la The Hague, mji ilipo mahakama hiyo, huleta kumbukumbu ya mwendesha mashtaka Ocampo na washukiwa wake sita. Ile ni mahakama nyingine katika mji huohuo, nayo hushtaki watu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki haina mahabusu wala kizimba. Wateja wake ni nchi. Nchi hushtakiana pale kuhusu mipaka, bahari na mikataba. Lakini ina kazi ya pili isiyojulikana sana: Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likikwama kwenye swali la kisheria, linaweza kuiomba itoe maoni ya ushauri. Kwenye mlango huo wa pili ndipo wanafunzi wa Port Vila walipobisha.

Kwa nini wasitafute nchi ya kuishtaki Marekani, au China? Swali hilo walilijadili, na jibu lake ni la kiufundi ila lina maana. Nchi haiburuzwi mbele ya mahakama hii bila ridhaa yake. Marekani ilijiondoa katikati ya miaka ya 1980 kwenye utaratibu wa kuyakubali mapema mamlaka ya mahakama hiyo, na China haimo. Maoni ya ushauri hayahitaji mshtakiwa. Yanahitaji kura katika Baraza Kuu, ambako Vanuatu ina kura moja na Marekani ina kura moja.

Vanuatu ni msururu wa visiwa zaidi ya 80 vyenye watu laki tatu na ushei, mashariki ya Australia. Ilikuwa koloni la aina yake, ikitawaliwa na Uingereza na Ufaransa kwa pamoja hadi uhuru wa 1980. Machi 2015 kimbunga Pam kiliipiga kwa nguvu za daraja la tano, la juu kabisa, na hasara yake ilikadiriwa kufikia takriban asilimia 64 ya pato la taifa la mwaka mzima. Aprili 2020 kikaja kingine, Harold, cha daraja hilohilo, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa Uviko. Upande wa kaskazini-magharibi ni Visiwa vya Solomon, nyumbani kwa baadhi ya wanafunzi wale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba visiwa vidogo vitano vya huko, vilivyokuwa na miti na udongo, vimemezwa kabisa na bahari kati ya mwaka 1947 na 2014. Watafiti hawakuficha kwamba pepo za bahari zimechangia maji kupanda kwa kasi kubwa kuliko kwingineko. Lakini chini ya pepo hizo kuna chanzo cha kudumu: maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu ikiyeyuka huishia baharini.

Kizazi hiki kimekulia humo. Mwanasiasa mwenye miaka 65 akiuzungumzia mwaka 2100 anazungumzia wakati ambao hatauona. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wanafunzi walipopewa kazi yao atakuwa na miaka 81 tu, bibi au babu mwenye wajukuu. Tofauti hiyo ya umri ndiyo inayowafanya vijana wengi wachoshwe na mazungumzo ya tabianchi yanayoishia kwenye huruma. Kwa muda mrefu walipewa nafasi ya kuimba, kupanda mti mbele ya kamera na kusoma risala kwenye ufunguzi wa mkutano, kisha wakubwa wakaingia ndani kujadiliana. Port Vila walilibadilisha swali lenyewe. Waliacha kuuliza nani ataisaidia Pasifiki, wakauliza nani anadaiwa.

Wanafunzi waliunda chama chao, Pacific Islands Students Fighting Climate Change. Miongoni mwa waliokiongoza ni Solomon Yeo na Cynthia Houniuhi, wote wa Visiwa vya Solomon. Wakaandika barua kwa serikali za nchi za Pasifiki. Nyingi hazikusisimka. Si ajabu, maana wazo halikuwa jipya na lilikuwa na nuksi: mwaka 2011 Rais Johnson Toribiong wa Palau alilitangaza jambo hilohilo Umoja wa Mataifa, likazimwa na upinzani wa wakubwa kabla halijafika kwenye kura. Nani angependa kuugusa mkaa uliomuunguza jirani?

Vanuatu iliugusa. Waziri wake wa mambo ya nje wakati huo alikuwa Ralph Regenvanu, mwanaanthropolojia aliyewahi kuongoza kituo cha utamaduni cha taifa kabla ya kuingia siasa, na mtu wa kusikiliza wanafunzi. Nchi yenyewe pia ina rekodi. Mwaka 1991, mkataba wa kwanza wa dunia wa tabianchi ukiandaliwa, ni Vanuatu iliyopendekeza, kwa niaba ya visiwa vidogo, uwepo mfuko wa bima ambao nchi tajiri zingeuchangia kufidia visiwa vinavyomezwa na bahari. Pendekezo likatupwa. Kwa hiyo Septemba 2021, serikali ilipotangaza rasmi kwamba itaipeleka hoja ya wanafunzi New York, ilikuwa ikirudia dai la miaka 30, safari hii kwa lugha ya sheria.

Diplomasia ya Umoja wa Mataifa ni kazi ya kunywa kahawa nyingi na kubishania mkato. Vanuatu ilikusanya nchi 17 za kusaidiana nayo kuandika azimio. Humo mlikuwa na Ujerumani na Bangladesh, New Zealand na Costa Rica. Na kutoka upande wetu mlikuwa na Uganda na Msumbiji. Jina la Uganda msomaji alishike, tutalirudia. Mapema Machi 2023, wiki chache tu kabla ya azimio kufikishwa ukumbini, vimbunga viwili, Judy na Kevin, viliipiga Vanuatu ndani ya siku chache, kimoja kikifuata kisigino cha kingine. Tarehe 29 Machi azimio lilipita bila nchi hata moja kuomba kura ipigwe. Nchi 132 zilikuwa zimeliwekea majina yao kama wadhamini.

Kilichofuata kilikuwa kikao kikubwa kuliko vyote mahakama hiyo iliyowahi kufanya. Kuanzia tarehe 2 hadi 13 Desemba 2024, nchi 96 na mashirika 11 ya kimataifa yalipanda jukwaani katika Jumba la Amani, makao ya mahakama. Houniuhi alikuwa miongoni mwa waliozungumza siku ya kwanza, katika ujumbe wa Vanuatu na majirani zake wa Melanesia, amevaa pambo la kichwani la kwao. Aliwaeleza majaji habari za Fanalei, ardhi ya watu wake, inavyoliwa na maji. Mwanafunzi aliyekuwa akisoma hukumu za mahakama hiyo vitabuni alikuwa amesimama mbele yake.

Hoja ya nchi zenye viwanda vikubwa na visima vya mafuta, Marekani, China na Saudi Arabia zikiwamo, ilikuwa na werevu wake. Zilisema suala la tabianchi lina mikataba yake maalumu, hasa Mkataba wa Paris wa 2015, na kwamba sheria nyingine za kimataifa hazina nafasi hapo. Anayejua Mkataba wa Paris ataona mtego ulipo. Chini ya mkataba huo kila nchi hujiwekea mpango wake wa kupunguza gesijoto, na hakuna faini kwa anayeshindwa. Kama hiyo ndiyo sheria pekee, basi kila mdaiwa anajipangia deni lake.

Mahakama iliikataa hoja hiyo. Ilisema mikataba ya tabianchi inafunga, na zaidi ya mikataba iko sheria ya kimila ya mataifa, ya zamani kuliko mikataba yenyewe: nchi haina ruhusa ya kuitumia ardhi yake kwa namna inayomdhuru mwenzake, na inapaswa kuchukua kila tahadhari inayoiweza. Wajibu huo unaifuata hata nchi inayojitoa kwenye mkataba. Mpango ambao nchi hujiwekea chini ya Paris nao hauwezi kuwa wowote ule. Sharti uwe wa juhudi ya juu kabisa inayowezekana, na mipango yote kwa pamoja iweze kulizuia joto lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 juu ya lile la kabla ya viwanda. Kipimo hicho si cha mbali. Mwaka 2024, kwa hesabu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulikuwa wa kwanza kukivuka, ingawa mwaka mmoja pekee hauhesabiwi kuwa ndio umevunja lengo, maana lengo hupimwa kwa wastani wa miaka mingi.

Sehemu iliyowashtua wengi ni ile ya mafuta, gesi na makaa ya mawe. Majaji walisema kwamba serikali isipochukua hatua zinazofaa kuulinda mfumo wa tabianchi, na hapo wakataja uzalishaji na matumizi ya nishati hizo, utoaji wa leseni za kuzitafuta na ruzuku zinazotolewa kwazo, inaweza kuhesabiwa kuwa imetenda kosa la kimataifa. Kosa lina matokeo yake: kuliacha, kutolirudia, na kumlipa fidia aliyeumia, mradi uonekane uhusiano wa moja kwa moja na wa hakika kati ya kosa na dhara. Sharti hilo la mwisho ni mlima. Kuthibitisha kwamba moshi wa nchi fulani ndio ulioezua paa fulani si kazi rahisi, na mawakili wa nchi tajiri wataling'ang'ania. Hata hivyo mahakama ilisema kazi hiyo inawezekana.

Kwa watu wa visiwa kulikuwa na faraja nyingine. Nchi ikipoteza ardhi kwa bahari, hailazimiki kuuchora upya mpaka wake wa baharini, kwa hiyo samaki wake wanabaki wake. Wala kupotea kwa ardhi hakumaanishi moja kwa moja kwamba dola imekufa.

Maoni ya ushauri hayamfungi mtu. Hakuna askari atakayetoka The Hague kwenda Washington au Riyadh. Wapo waliosema, na si bila sababu, kwamba wanafunzi walishinda karatasi. Lakini kwenye Bahari ya Hindi upo mfano wa karatasi kama hiyo. Februari 2019, mahakama hiyohiyo ilitoa maoni ya ushauri kwamba Uingereza iviachie visiwa vya Chagos, ilivyovitenga na Mauritius kabla ya uhuru. Uingereza ilisema maoni hayo hayaifungi, ikayapuuza. Mei 2025 ilitia saini mkataba wa kuikabidhi Mauritius mamlaka juu ya visiwa hivyo, huku kambi ya kijeshi ya Diego Garcia ikibaki kwa kukodishwa miaka 99. Maoni yasiyofunga yaligeuka kero kwenye kila mkutano Uingereza iliohudhuria.

Huku Afrika Mashariki vijana hawakukaa kimya. Januari 2019, mwaka uleule wa darasa la Port Vila, Vanessa Nakate, msichana wa Kampala aliyesomea utawala wa biashara, alianza kusimama barabarani na bango kuhusu tabianchi, mwanzoni akiwa na ndugu zake tu. Mwaka mmoja baadaye alipiga picha Davos na wanaharakati wenzake wanne, Wazungu wote. Shirika kubwa la habari likaisambaza picha hiyo Nakate akiwa amekatwa pembeni. Shirika liliomba radhi, lakini picha ile iliwaeleza vijana wengi wa Kiafrika zaidi ya hotuba kumi. Tangu hapo Nakate amefanya kazi mbili kwa pamoja: kupeleka umeme wa jua na majiko yanayookoa kuni katika shule za vijijini Uganda, na kulipinga bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga.

Hapo ndipo Uganda inaporudi. Serikali iliyosaidia kuandika azimio la Vanuatu ndiyo hiyohiyo inayojenga, pamoja na Tanzania na kampuni za Ufaransa na China, bomba lenye urefu wa kilomita 1,443. Wanafunzi waliojaribu kuandamana kulipinga mjini Kampala wamekamatwa mara kwa mara. Kesi iliyofunguliwa na mashirika ya kiraia mwaka 2020 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ilitupwa Novemba 2023 kwa sababu ilichelewa kufunguliwa, hoja za mazingira zenyewe zikiwa hazijapimwa. Rufaa ikakatwa.

Ni rahisi kuziita serikali hizi ndumilakuwili. Zenyewe hujibu kwamba Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya gesijoto ya dunia, kwamba Ulaya na Marekani zilitajirika kwa mafuta bila kuulizwa na mtu, na kwamba kijana wa Tanga anahitaji ajira leo. Jibu hilo halipuuziki. Mahakama yenyewe ilikubali kwamba wajibu haulingani: aliyechafua zaidi na mwenye uwezo zaidi abebe zaidi. Ila haikusema kwamba asiyechafua sana yuko huru kufanya atakavyo. Na kwenye hesabu ya ajira vijana wana swali lao. Bomba huajiri maelfu wakati wa kujengwa, likishamalizika hulindwa na wachache, nayo mafuta yatauzwa katika soko ambalo wanunuzi wake wameahidi kuyapunguza. Kijana wa miaka 20 ana haki ya kuuliza mradi huo utakuwa unalipa nini atakapofika 50.

Lamu walishapitia mjadala huo, na kwa Kiswahili. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulipangwa kujengwa Kwasasi, karibu na mji mkongwe ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wavuvi, wazee na vijana wa kisiwani walisimama pamoja chini ya jina la Save Lamu, na Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya likafuta leseni. Sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nyingine ni kwamba tabianchi haikupimwa ilivyostahili. Desemba 2024, Mahakama Kuu ya Pretoria nayo ilibatilisha mpango wa serikali ya Afrika Kusini wa kuongeza megawati 1,500 za umeme wa makaa ya mawe. Miongoni mwa walioshtaki ni African Climate Alliance, chama cha vijana, na mahakama iliyatilia uzito maslahi ya watoto ambao serikali haikuwafikiria.

Sasa macho yameelekea Arusha kwa mara nyingine, katika jengo jingine. Tarehe 2 Mei 2025, chama cha mawakili wa Afrika, PALU, kiliiomba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu itoe maoni ya ushauri juu ya wajibu wa nchi za Afrika katika mabadiliko ya tabianchi. Mahakama hiyo ina silaha ambayo ile ya The Hague haina. Kifungu cha 24 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, kinawapa watu wote haki ya mazingira mazuri yanayofaa kwa maendeleo yao. Wakati huo hakuna mkataba mwingine wa haki za binadamu uliokuwa na kifungu cha namna hiyo.

Njia ya kufika pale nayo ni fupi kuliko ya Port Vila, kwa kuwa si lazima kusaka kura New York. Asasi ya Kiafrika inayotambuliwa na Umoja wa Afrika inaweza kuuliza swali yenyewe. Kwa mtu binafsi mambo ni tofauti. Raia anaweza kuishtaki nchi yake Arusha moja kwa moja iwapo tu nchi hiyo imetoa tamko la kuruhusu. Rwanda iliondoa tamko lake mwaka 2016. Tanzania, mwenyeji wa mahakama, ikaondoa lake Novemba 2019. Kenya, Uganda na Burundi hazijawahi kulitoa. Mwanafunzi wa sheria wa Dodoma, Kigali au Nairobi anayetaka kufuata nyayo za Houniuhi atalazimika kuanzia hapo, kwa barua kwa serikali yake akiitaka itoe tamko.